Mcheza Kwao Hutunzwa
Siku nne Kibiti na delta ya Rufiji, nyuma ya mcheza dansi na mumewe mwenye kamera

Ukitaja Kibiti mezani kwa marafiki wa mjini, majibu huwa ya aina mbili. Mmoja atauliza, "Si ndiyo njia ya kwendea Mafia?" Mwingine atanyamaza kidogo, kisha atasema kwa sauti ya chini, "Kule kwenye mambo yale?"

Wote wawili wako sahihi. Kibiti iko kwenye barabara ya Kilwa, zaidi kidogo ya kilomita 130 kutoka Dar es Salaam, na wasafiri wengi wa Kilwa, Lindi na Mtwara huijua kwa dirisha la basi tu: korosho za kukaanga, machungwa yaliyomenywa, kondakta anagonga bodi, mmeondoka. Na mambo yale yalitokea kweli. Kati ya mwaka 2016 na 2017, wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipita katika kipindi cha mauaji ya viongozi wa vijiji, raia na askari. Aprili 2017 polisi wanane waliuawa katika shambulio moja. Novemba mwaka huohuo mwandishi wa habari Azory Gwanda alitoweka akiwa Kibiti, na mpaka leo hajarudi kwa familia yake.

Mahali pakishapata jina la namna hiyo, jina hubaki hata mambo yakitulia. Watu wa Kibiti wanalijua hilo vizuri. Muuza duka mmoja aliniambia kwamba mwanawe akiwa chuoni Dar akiulizwa kwao wapi, hujibu "Pwani" tu, basi.

Mimi nilikwenda kwa sababu ya tatu, ambayo pengine wewe msomaji hukuitegemea: dansi.

Bi Dansi na Bwana Picha

Ninaowazungumzia ni mume na mke, wote wako kwenye thelathini na kitu, wanaishi Dar, wana mtoto mmoja na kodi ya nyumba ya kulipa kama mimi na wewe. Mke ni mcheza dansi. Mume anapiga picha za video, anazihariri kwenye kompyuta na kuziangaza jukwaani wakati mke na wenzake wanacheza. Waliniruhusu niandike kila kitu isipokuwa majina, kwa hiyo humu ndani tutawaita Bi Dansi na Bwana Picha.

Nikisema dansi, usije ukafikiria Msondo na Sikinde. Hili ni dansi la jukwaani la kisasa, lile ambalo mchezaji anaweza kusimama mguu mmoja dakika tatu na wewe kwenye kiti ukashikwa na kwikwi ya kulia bila kujua kwa nini. Wapo wanaodhani ni kitu cha Wazungu. Ukweli ni kwamba Waafrika wamekuwa wakilijenga kwa mikono yao kwa muda mrefu. Senegal kuna Germaine Acogny na shule yake ya École des Sables. Kongo kuna Faustin Linyekula, aliyeanzisha Studios Kabako mwaka 2001 mjini Kinshasa, kisha akaihamishia Kisangani, mji wenye makovu ya vita, akisema kwa vitendo kwamba sanaa nzuri haina lazima ya kukaa makao makuu. Hapa Dar tuna MuDa Africa, shule ya dansi aliyoianzisha Ian Mwaisunga, na tuna Nafasi Art Space kule Mikocheni ambako vijana hufanyia mazoezi na kuonesha kazi zao.

Bi Dansi amepita katika mazoezi ya namna hiyo. Lakini mama yake ni Mndengereko wa delta, na bibi yake mzaa mama alikuwa kungwi. Kwa miaka mingi alikuwa akiulizwa na watu wa nje baada ya onesho, "Haya mabega yako umejifunzia wapi?" Siku moja akaamua kwenda kuyatafuta mabega yake. Mumewe akafunga kamera, betri, projekta ndogo na shuka jeupe. Mimi nikaomba kiti.

Ngoma iliyokuwa gwaride

Kabla hujafika delta, inafaa ujue kwamba ardhi hii ilishawahi kutumia ngoma kwa kazi nzito kuliko kuburudisha.

Ng'ambo ya mto, upande wa kusini, katika wilaya ya Rufiji ya leo, kuna Ngarambe. Hapo ndipo alipokuwa Kinjikitile Ngwale, aliyegawa maji ya dawa kwa watu waliochoshwa na kulazimishwa kulima pamba ya Wajerumani. Watu walitoka mbali kumfuata. Wanahistoria waliokusanya kumbukumbu za wazee katika miaka ya 1960 walielezwa habari za likinda, mazoezi ya kivita yaliyokuwa na sura ya ngoma. Mtu wa serikali akipita aliona watu wanacheza. Kumbe wanajifunza kupanga safu, kwenda mbele, kugeuka na kutii amri. Vita vya Majimaji vilipolipuka Julai 1905 katika milima ya Matumbi, miguu ilikuwa tayari imeshajua la kufanya. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti mwaka huohuo, vita vikiwa bado vibichi. Maji hayakuzuia risasi, na hadi mwaka 1907 vita na njaa iliyofuata vilikuwa vimeua watu wanaohesabiwa kwa makumi ya maelfu; wapo wanahistoria wanaofika hadi laki mbili na nusu au zaidi.

Jukwaa halijawahi kumwacha Kinjikitile apumzike. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alichapisha tamthilia ya Kinjeketile, ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni tukiwa na usingizi, tukaja kuielewa ukubwani. Mwaka 2016 kundi la Asedeva la Dar es Salaam na kundi la Flinn Works la Berlin waliunganisha nguvu wakatoa onesho lililoitwa Maji Maji Flava, likafunguliwa mjini Kassel, Ujerumani. Jina lenyewe linakueleza mchanganyiko: vita vya mababu na ladha ya Bongo Fleva, Watanzania na Wajerumani jukwaa moja, wakiulizana nani alimfanya nini nani. Isack Abeneko, mcheza dansi na mwanamuziki wa Dar, alikuwa mmoja wao.

Bi Dansi anaziheshimu kazi hizo. Ila alikuwa na swali lake. "Kila mtu anakuja Rufiji kuchukua maji ya wanaume," aliniambia tukiwa Mbagala Rangi Tatu tunasubiri foleni ifunguke. "Maji ya vita. Mimi nataka maji ya wanawake."

Saa ya delta ni maji

Barabara ya Nyamisati inachepuka Bungu, kabla hujafika Kibiti mjini. Sisi tulipita moja kwa moja hadi Kibiti kwanza, maana Bi Dansi alikuwa na wajomba wa kusalimia, na huwezi kuingia kwa watu kwa mlango wa nyuma. Tulilala hapo usiku mmoja katika gesti safi yenye chandarua kizima. Jioni mji ulikuwa na bodaboda, chipsi mayai, adhana, na muziki wa singeli kutoka saluni ya kiume. Kwa kweli, kama ulitegemea kuona mji ulioinama, hukuuona. Uliona mji unaofanya biashara.

Kesho yake tukarudi Bungu, tukashuka hadi Nyamisati. Hapa ndipo abiria wa Mafia wanapopandia kwenda Kilindoni. Ukigeuza uso upande wa pili, badala ya bahari wazi utaona ukuta wa kijani. Hiyo ndiyo mikoko ya Rufiji: hekta zipatazo 53,000, msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko iliyo pamoja katika Afrika Mashariki. Tangu mwaka 2004, delta hii pamoja na Mafia na Kilwa imeorodheshwa kimataifa kama ardhi oevu yenye umuhimu wa pekee.

Nahodha hakutuuliza tunataka kuondoka saa ngapi. Alitutajia saa ambayo maji yatakuwa yamejaa. Tulikuwa kwenye bamvua, siku za mwezi mpevu ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, na Bwana Picha alikuwa amechagua siku hizo makusudi. Maji mafu, alisema, hayapigi picha.

Ndani ya vijito mambo hubadilika. Injini ikizimwa unasikia tope linapumua, vitobo vidogo vya kaa vinalia tik-tik-tik kama mafuta ya moto. Nahodha alitutajia miti kama mtu anayetambulisha ukoo: mkoko huu wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu ule unaotoa vidole vya kupumulia kwenye tope, msinzi, mkandaa, mkomafi wenye matunda kama mpira. Boriti zilizobeba dari za nyumba za zamani za Zanzibar na za Uarabuni, nyingi zilitoka katika delta hii kwa majahazi. Leo kukata bila kibali ni kosa, na ugomvi kati ya hifadhi na wakulima wa mpunga wanaofyeka mikoko ni wa siku nyingi. Mbele kidogo tuliona madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miguu ya miti mirefu, ambako mwenye shamba hulala kulinda mpunga wake dhidi ya nguruwe na ndege.

Kuna mto mmoja hapo ambao wapenzi wa historia huuomba. Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilitoka kuizamisha meli ya Waingereza bandarini Zanzibar, ikarudi kujificha katika vijito hivi. Waingereza waliihangaikia hadi Julai 1915, ilipopigwa, na Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Mizinga yake waliiopoa wakaendelea kupigania nchi kavu. Mmoja unauona leo Fort Jesus, Mombasa. Meli yenyewe imekwisha kuliwa na wauza vyuma chakavu na tope. Nahodha alionesha kwa kidevu mahali ilipolala, asipunguze hata mwendo. Kwake yeye habari kubwa ilikuwa mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozika mashamba ya Rufiji na Kibiti chini ya maji. Alizungumza pia juu ya bwawa la Julius Nyerere huko juu, lenye uwezo wa megawati 2,115. "Umeme mzuri," alisema. "Lakini mto siku hizi una mwenyewe. Zamani ulikuwa na Mungu tu."

Kamera ibaki nje

Kijiji tulichofikia sitakitaja, kwa ombi la wenyewe. Tulipokewa na bibi mmoja mdogo wa mwili, dada wa bibi yake Bi Dansi. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mmoja mmoja, akamshika Bi Dansi mabega kwa mikono yote miwili, akacheka. "Haya ya dada yangu," akasema. Hakuna aliyekuwa amemwambia chochote kuhusu mabega.

Jioni ya kwanza ilikuwa ya wote. Ngoma zilitolewa uwanjani, wanawake wakajipanga, watoto wakapenya katikati. Bi Dansi aliingia kwa aibu ya mtu wa mjini, akichezesha kila kitu kwa wakati mmoja. Mama mmoja akamwambia, "Mwanangu, unazungumza sana. Cheza neno moja." Akapunguza. Akabaki na bega la kushoto na kisigino. Ngoma ikampokea. Ndipo Bibi akanyanyuka polepole kutoka kwenye mkeka, akafungua pindo la kanga yake, akatoa noti ya shilingi elfu mbili na kumbandika kwenye paji la uso. Wenyewe wanasema mcheza kwao hutunzwa. Bi Dansi ameshalipwa kwa yuro, lakini ile noti ameiweka kwenye fremu.

Usiku Bwana Picha alitundika shuka jeupe kati ya minazi miwili, akawasha projekta kwa betri na kuwaonesha wanakijiji picha za mchana: maji yanaingia, maji yanatoka, mkono wa nahodha kwenye usukani, kisigino cha mkewe. Watoto walikuja kusimama mbele ya mwanga, wakagundua vivuli vyao, wakaanza kuvichezesha. Nusu saa nzima ikawa ndiyo onesho lenyewe.

Kesho yake mambo yakawa mengine. Kulikuwa na mwali anafundwa. Msondo, ile ngoma ndefu ya unyago, ulikuwa umeanza kulia tangu alfajiri nyuma ya nyumba moja. Kwa faida ya wasomaji wetu wa bara: bendi yetu kongwe ya Msondo Ngoma, iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, imebeba jina la ngoma hiyo. Bi Dansi alikaribishwa kuingia, maana kwa damu ni wa hapo na alichezwa akiwa binti. Mimi ambaye kwetu ni Moshi na sijachezwa niliachwa nje pamoja na wanaume. Bwana Picha akaomba kwa adabu zote: kamera ndogo tu, kwenye kona, bila kumpiga mwali usoni, dakika tano.

Bibi hakukasirika. Alimwita "baba", akamkalisha kwenye mkeka, akampa kahawa. Kisha akamweleza. "Sauti ya msondo inafika mto wa pili. Hiyo si siri, chukua. Kilicho ndani ni cha mwali, na mwali hana umri wa kukupa ruhusa. Mimi sina haki ya kukupa kisicho changu."

Naomba hapa niseme jambo, maana najua kuna wasomaji watakaoinua nyusi. Unyago una maswali yake. Mabinti wametolewa shule kwa sababu ya kuwekwa ndani, na wengine wameozwa wakiwa bado watoto. Nilimuuliza Bibi waziwazi. Alisema siku hizi wao hufunda wakati wa likizo, siku chache, na kwamba mwali huyu yuko kidato cha pili na atarudi shule wiki inayofuata. Sina namna ya kukuhakikishia kwamba kila kijiji hufanya hivyo. Ninachoweza kukuambia ni kwamba nilimwona mtu mzima akimlinda binti dhidi ya kamera, kwa maneno ambayo sisi wa vyombo vya habari tungepaswa kuyaandika ukutani.

Ugomvi wa mashuani

Tulirudi Nyamisati siku ya nne kwa ukimya. Wale wenye ndoa mnaujua ukimya huo. Katikati ya kijito ukapasuka.

Bwana Picha alikuwa na hoja, na ningekuwa mwongo nikisema haikuwa na uzito. Onesho lote, alisema, linaelekea mahali pale. Maji yanaingia, mwanamke anatafuta bega lake, anafika mlangoni, halafu? Mtazamaji amelipa kiingilio. Utamfungia mlango usoni? Wafadhili wamesoma andiko la mradi linalosema "ngoma za wanawake wa Rufiji". Kama picha hakuna, mke aigize yeye mwenyewe alichokiona.

Bi Dansi alikuwa anatazama maji. "Nikiigiza," akasema, "nitakuwa nimeingiza kamera kwa mwili wangu."

Mume akasema yeye amekuwa akibeba vyuma miaka minane, na kila mara watu wakipiga makofi wanamtazama mke. Mke akasema kama anataka makofi aje acheze yeye. Nahodha akaanza kuimba, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyo lazima. Mimi nikasoma lebo ya koti la kujiokolea, mara tatu.

Nimeandika kuhusu mahusiano kwa miaka kadhaa kwenye kurasa hizi, na nimeona wapenzi wengi wanaofanya kazi pamoja: wenye saluni, wenye duka la dawa, wenye kampuni ya harusi. Ugomvi wao mara nyingi hufanana. Juu unaonekana ni wa kazi; chini yake kuna mtu anauliza, "Na mimi je, naonekana?" Bwana Picha hakuwa na shida na Bibi. Alikuwa ameambiwa "baki nje" mbele ya watu, na mkewe akaingia ndani bila kugeuka nyuma.

Bi Dansi alikuja kulielewa hilo usiku, Kibiti, kwenye sahani ya wali wa nazi na kamba. Hakuomba radhi kwa kuingia. Alimuuliza swali moja tu: "Wewe ulipokuwa nje, ulisikia nini?"

Mume akatoa simu, akamchezesha. Alikuwa amerekodi saa nzima. Msondo ukitoka nyuma ya ukuta, vigelegele vikipanda na kushuka, kuku, redio ya jirani, mtu anatwanga, mtoto analia, na pumzi ya mwanamume aliyekaa kwenye mkeka anasubiri. Chakula kikapoa. Hakuna aliyesema neno mpaka ile sauti ilipokwisha.

Jukwaani

Miezi mitano baadaye nililiona onesho Dar, kwenye ukumbi mdogo wenye viti vya plastiki na feni mbili, moja mbovu. Wachezaji wanne, mpiga ngoma mmoja, na shuka lilelile jeupe likiwa limetundikwa kwa nyuma.

Linaanza na maji. Picha ya kijito inaangazwa sakafuni, si ukutani, kwa hiyo wachezaji wanakanyaga mto. Maji yanajaa polepole mpaka yanawafika kifuani kwa mwanga. Mikono yao inakuwa mizizi ya mikoko, vidole juu, kutafuta hewa. Kuna kipande cha gwaride, wanaume wawili wanacheza kwa safu wakigeuka kwa amri isiyosikika, na ukumbi ukatikisika kidogo, maana tunajua likinda liliishia wapi na tunajua pia Kibiti ya mwaka 2017. Hakuna aliyeigiza risasi. Mchezaji mmoja alivua viatu, akaviweka mbele ya jukwaa, akaondoka, viatu vikabaki pale hadi mwisho. Dada aliyekaa jirani yangu alifuta macho kwa pindo la ushungi.

Kisha Bi Dansi anafika mlangoni. Msondo unaanza kulia kutoka kwenye spika za nyuma yetu. Anageuka, anatutazama mara moja, anaingia nyuma ya shuka, na taa zote zinazimwa. Projekta nayo inazimwa. Dakika nne za giza tupu. Tunasikia kile alichosikia mume: msondo, vigelegele, kuku, redio, pumzi.

Dakika ya kwanza watu walikohoa. Ya pili mtu alitoa simu kuangaza, mwenzake akamnong'oneza azime. Ya tatu nikagundua kwamba nimesogea mbele kwenye kiti nikisikiliza kama mtu aliyetegwa. Katika ukumbi mzima wa watu waliozoea kuona kila kitu kwa kidole, wote tulikuwa tumebaki nje, na tulikuwa tumebaki nje pamoja.

Taa ziliporudi, Bi Dansi alikuwa ameketi, amejifunga kanga, bega la kushoto likicheza peke yake. Neno moja.

Kwenye karatasi ya onesho, mahali pa mtunzi wa dansi, kuna jina la mke. Mahali pa picha na sauti kuna la mume. Na kwenye mstari wa dakika zile nne za giza jina la mume limetangulia. Makofi yalipopigwa, mke alimvuta mkono hadi mbele. Alikuja na nyaya zake shingoni.

Ukitaka kwenda

Wakati. Nenda miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba. Masika barabara za ndani ni tope na mto hauna utani. Tazama mwezi kabla ya kupanga siku: bamvua kwa mandhari, maji mafu kwa wenye moyo mdogo.

Usafiri. Mabasi ya Kibiti yanapatikana Mbagala Rangi Tatu. Mwenye gari binafsi, shika barabara ya Kilwa. Kwa Nyamisati, chepuka Bungu. Ukiwa na siku ya ziada, endelea kusini kupitia Ikwiriri uone Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lililofunguliwa mwaka 2003. Waulize wazee habari za pantoni na magari yaliyolala foleni hapo kabla yake. Hutalichukulia daraja kimchezo.

Boti. Patana bei kabla ya kupanda, dai koti la kujiokolea kwa kila mmoja, na mwachie nahodha apange saa. Delta ina mamba na viboko, kwa hiyo kuogelea kwa ajili ya picha kusahau.

Kijijini. Anzia ofisi ya serikali ya kijiji, ujitambulishe. Dada, beba kanga mbili. Kaka, suruali ndefu. Salimia wakubwa kwanza. Dawa ya mbu na chandarua si hiari.

Kamera. Uliza kabla, uliza tena siku ya pili, na ukiambiwa hapana, kunywa kahawa uliyopewa. Picha za watoto usizipost bila wazazi wao kujua.

Ngoma. Ukiingizwa uwanjani, cheza, hata kama hujui. Usikae pembeni na simu. Na utembee na noti ndogondogo mfukoni, maana ukimwona anayecheza vizuri, makofi peke yake kule hayatoshi.